Maswali ya Porini: Kamera kwenye maji ya wanyama

Kabla ya kustaafu nilisoma nyayo kwa miaka 27, kwanza nikiwa askari wa wanyamapori, kisha kwenye kambi za uwindaji za Rungwa na Selous. Barua za mwezi huu ni tatu na zote zinagusa jambo moja. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu aliyeiandika anasubiri jibu kabla msimu wake haujafunguliwa.

Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Tabora, naishi Flagstaff, Arizona, huu ni mwaka wa sita. Nafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Mwaka huu nimebahatika kupata kibali cha kuwinda elk, yule mnyama wa jamii ya kulungu mwenye pembe kama matawi. Vibali huku vinatolewa kwa bahati nasibu, na nilikuwa nimekosa mara tatu. Mwenzangu kazini amefunga kamera ya kutega kwenye mti karibu na birika la maji ya wanyama. Ina laini ya simu: mnyama akipita tu, picha inaingia kwenye simu yake. Anasema yeye hawindi mwaka huu, anapenda tu kutazama wanyama, kwa hiyo havunji sheria. Amejitolea kunirushia picha msimu ukifika. Mimi nina siku mbili tu za mapumziko kwa wiki, naona ni msaada mkubwa. Ila nasikia kamera hizi zimepigwa marufuku huku. Je, marufuku hiyo ni ya haki, au ni wivu wa wazee wasiopenda teknolojia? Ungekuwa mimi ungezipokea? — Mnyamwezi wa Flagstaff

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kibali. Nianze na swali lako la mwisho: usizipokee. Mwambie mwenzako asante, umwombe asikurushie hata moja, na kama ameshakurushia, aache leo.

Sheria kwanza, maana hiyo haina mjadala. Tume ya wanyamapori ya Arizona ilianza kuzizuia kamera zinazorusha picha papo hapo mwaka 2018. Juni 2021 wajumbe wakapiga kura tena, wote wakakubaliana, na tangu Januari 1, 2022 ni marufuku kutumia kamera ya kutega ya aina yoyote kuwinda au kusaidia kuwinda. Lishike hilo neno kusaidia. Mwenzako akikaa na picha zake akazitazama na wanawe, hana kosa. Siku akikutumia wewe mwenye kibali na bunduki, picha hiyo imeshakuwa msaada wa kuwinda, na utakayeulizwa ni wewe.

Sasa suala la haki. Hili ndilo lililonikalisha na barua yako siku tatu.

Wewe umeshaiona Juni ya huko, kabla mvua za Julai hazijaanza. Nyasi zimekauka, vijito vimekuwa mchanga. Kwa hiyo watu wa huko wamejenga mabirika kwa ajili ya wanyama: sakafu pana inayokinga mvua, tangi, na mahali pa mnyama kushuka anywe. Mvua zikikawia, idara hupeleka maji kwa malori. Nia ilikuwa njema kabisa, mnyama asife kiu. Lakini ukishajua kwamba kila mnyama wa eneo lile lazima aje mahali pamoja, huhitaji tena kumtafuta. Unahitaji kamera tu.

Mwaka 2011 nilikaa siku 21 kambini na mteja aliyetoka jimbo hilo, mkandarasi wa nyumba, mtu wa miaka sitini na kitu. Usiku mmoja pale kwenye moto akachora birika kwenye mchanga kwa kijiti, ili anieleze jinsi kwao kulivyo. Akaokota kokoto, akawa anazipanga kuzunguka lile birika moja moja, kila kokoto kamera. Zikamwishia mkononi, akaokota nyingine. Alipomaliza, mnyama wa kuja kunywa hakuwa na upande hata mmoja wa kupita bila kupigwa picha. Akaniambia yeye alikuwa akipawinda pale na baba yake, na sasa hapakanyagi tena, kwa sababu kila akifika anakuta gari la mtu aliyekuja kubadilisha betri. Sijamsahau kwa jinsi alivyozitazama zile kokoto.

Hilo la kubadilisha betri watu hawalifikirii. Kamera yenyewe haina kelele. Mwenye kamera ndiye mwenye jasho, sabuni, petroli na mbwa. Elk anayenusa binadamu majini saa kumi na mbili jioni hanywi, anarudi juu msituni na kiu yake. Sheria ya Arizona ilishalijua jambo hili hata kabla ya kamera: ni kosa kupiga kambi ndani ya robo maili ya maji hayo ukawanyima wanyama njia ya kunywa. Ikiwa kambi moja ni kosa, sioni kwa nini watu kumi wanaopishana wiki nzima wawe sawa.

Kisha kuna muda, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Kamera ya zamani, ile ya memori kadi, inakupa habari ya jana. Dume alipita hapa saa tisa usiku, akaelekea kusini. Vizuri. Wewe unakwenda asubuhi, unakuta upepo umegeuka, dume ameshavuka korongo, na kazi yote ya kumfuata bado ni yako. Hii yenye laini inakwambia yuko pale sasa hivi, kichwa kiko majini. Wewe umekaa garini mita mia sita unakula mkate. Unachobakiza ni kutembea na kulenga. Mnyama amenyimwa kile kitu kimoja alichopewa cha kujiokoa nacho, yaani wewe kutojua alipo.

Arizona si peke yake. Nevada ilianza 2018, inazizuia kwenye ardhi ya umma kuanzia Agosti hadi mwisho wa Desemba, na zile zinazorusha picha zinazuiwa mwezi mmoja mapema zaidi. Utah walivutana sana. Bodi yao ilipitisha zuio Januari 2022 kwa kura nne dhidi ya tatu. Waliopinga walikuwa na hoja kama yako: mtu wa kazi, mwenye siku mbili, kwa nini asisaidiwe? Hoja hiyo naiheshimu. Mimi mwenyewe nimekula mshahara wa kuhesabu siku. Lakini angalia nani alinufaika kweli. Mtu kama wewe angenunua kamera moja, pengine mbili. Waongozaji wa kulipwa walifunga mamia, wakajua kila dume mkubwa analala wapi, kisha wakawauzia habari hiyo wenye fedha. Wewe na siku zako mbili ungefika ukakuta dume wako ameshanunuliwa.

Wamarekani wenyewe wana jina la jambo hili, fair chase, nami huliita uwindaji wa haki. Waliolisimamia tangu mwanzo ni Boone and Crockett Club, chama cha wawindaji kilichoanzishwa 1887 na Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, na wenzake. Maana yake kwa ufupi: mnyama awe huru, wa porini, na mwindaji asijipe nafasi isiyo halali juu yake. Chama hicho hutunza daftari la pembe kubwa, na mnyama aliyepatikana kwa msaada wa kamera inayorusha picha papo hapo hawamwandiki. Roosevelt huyo huyo alishuka Mombasa Aprili 1909, akapita nchi zetu na mwanawe Kermit, na wawili hao wakaua wanyama 512, wengi wao kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Nilipokuwa kijana idadi hiyo ilinifanya niikatae habari yote ya haki. Nimebadilika. Idadi ni kosa lingine na lina dawa yake, ambayo ni mgawo na kibali. Namna ya kumwendea mnyama ni jambo la peke yake, na mtu anaweza kukosea kimoja akawa amekiona kingine vizuri.

Lakini nisikudanganye kwamba kamera zote ni adui. Ninazo sababu zangu.

Mwaka 1998, Rungwa, tulitundika paja la kongoni, chambo cha chui, kwenye mkuyu ulioegemea mto wa mchanga. Wakati huo hatukuwa na kamera. Tulisoma makucha kwenye gome, nywele zilizonasa, nyayo chini. Nyayo zilikuwa za aina mbili: moja pana, ya dume, nyingine ndogo. Jioni ya tatu, saa kumi na mbili na robo, chui akapanda. Kwenye kificho tulikuwa watu wanne. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo, chui amelala juu ya tawi, kichwa kimefichwa na nyama. Mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mteja, akanitazama. Nikaona mgongo mrefu, nikatikisa kichwa kukubali. Mteja akapiga.

Alikuwa jike. Nilipomgeuza, chuchu zilikuwa na maziwa.

Kwetu kumpiga chui jike ni marufuku, na kosa lile liliandikwa na kulipiwa. Kesho yake nikafuata nyayo zake kinyumenyume, kilomita nne hivi, hadi kwenye majabali. Nikakuta mifupa ya pimbi na mahali palipolaliwa. Watoto sikuwaona. Nilikaa pale mpaka jua likawa kali, nikiita kwa ile sauti ya kukoroma ambayo mama huwaitia, na hakuna kilichotoka.

Kamera zilipokuja kambini kwetu miaka kumi baadaye, nilizipokea kama mtu aliyeletewa dawa ya ugonjwa uliomuulia ndugu. Asubuhi tunakwenda kwa miguu kwenye mti, tunachomoa kadi, tunaiweka kwenye kompyuta ndogo juu ya boneti ya gari. Unamwona dume waziwazi: shingo nene, ngozi inayoning'inia kooni, korodani. Unamwona jike, na wakati mwingine nyuma yake macho mawili madogo yanang'aa majanini. Picha ya namna hiyo ikitokea, tunashusha nyama siku hiyo hiyo tunahama. Nimeona wateja wakilalamika, na nimeona mwindaji bingwa akifunga kamba ya chambo begani bila kuwajibu.

Kwa simba ni hivyo hivyo. Kanuni zetu zinataka dume awe ametimiza miaka sita, na sababu yake si ya kubuni. Craig Packer na wenzake, waliokaa miaka mingi na simba wa Serengeti, walionyesha mwaka 2004 kwamba ukichukua dume kijana anayelinda familia, madume wageni wanaingia na kuua watoto wote. Unapiga mmoja, unapoteza kizazi. Umri unasomeka kwenye manyoya ya shingo, kwenye meno, na kwenye pua inayozidi kuwa nyeusi kadiri miaka inavyokwenda. Pua hiyo huisomi ukiwa mita sabini na jua linazama. Kwenye picha unaikuza, unaitazama, mnabishana, mnakunywa chai, mnaitazama tena.

Na kumbuka kwamba kwetu sheria ya wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda usiku na kutumia taa. Chui anayekuja saa nane na dakika arobaini usiku, kamera inamwonyesha kila siku, na kila siku yuko salama. Nimemjua dume mmoja aliyekula nyama zetu misimu miwili kwa mtindo huo.

Kwa hiyo, mwanangu, kamera ya kuniambia nisipige naikubali. Ya kuniambia njoo upige, naikataa. Yako ni ya aina ya pili, na kibali chako chenyewe kitakueleza mnyama gani umeruhusiwa. Pembe za elk zinaonekana mchana kweupe bila msaada.

Kuna watakaokwambia kuvizia majini ni jadi hata kwetu. Ni kweli. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kiangazi kikikolea, hukaa usiku kwenye kificho karibu na maji na upinde na mishale yenye sumu. Lakini wanawinda kitoweo, si pembe za ukutani. Na Mhadzabe yuko pale mwenyewe, usiku kucha, anasikiliza, anaumwa na mbu, na simba naye anakuja kunywa maji yale yale. Macho yake ndiyo kamera. Ukikaa hivyo, sitakuwa na neno nawe.

Ufanye nini na siku zako mbili? Zitumie kuanzia sasa. Acha bunduki nyumbani. Tafuta miti midogo iliyochubuliwa gome na pembe, na madimbwi ya matope ambamo dume anagaagaa. Kinyesi kibonyeze kwa fimbo: kikiwa laini na kinang'aa ni cha leo. Tengeneza kifuko cha kitambaa, jaza jivu laini la kuni, kifunge na kamba kiunoni. Kila baada ya hatua chache kitikise, utaona upepo unakokwenda. Mimi sijawahi kuingia porini bila hicho, na hakijawahi kuniishia betri. Septemba dume wa elk hupiga mlio kama filimbi ndefu inayoishia kwa mkoromo. Yule mkandarasi aliniigizia nikacheka mpaka machozi. Ukiusikia, utajua alipo bila mtu kukurushia chochote. Elk wa asili wa Arizona walikwisha kabisa; hao unaowatafuta ni uzao wa waliorudishwa kwa treni kutoka Yellowstone mwaka 1913. Watu walihangaika sana hadi wewe ukapata kibali hicho.

Mzee, heshima yako. Mimi ni mpishi wa kambi ya uwindaji upande wa Mpanda. Wageni wameanza kuuliza kama wanaweza kuleta kamera zinazorusha picha kwenye simu, maana mtandao sasa unashika hadi vilimani. Je, na sisi tuzizuie? — Mpishi, Mpanda

Tuzizuie, na mapema, kabla hazijawa mazoea ambayo mtu ataona ananyang'anywa.

Zile za kadi zibaki, kwenye chambo cha simba na chui peke yake, kwa sababu nilizozieleza hapo juu. Kwenye maji zisiwekwe hata moja; sheria yetu tayari inakataza kuwinda karibu na maji ya kudumu, na kamera inayolinda kisima ni mlango wa nyuma wa kuivunja. Ningeongeza jambo moja: askari wa wanyamapori anayefuatana na kila msafara wa uwindaji akabidhiwe kadi, na picha za mnyama aliyepigwa ziende pamoja na ngozi na fuvu vinapokaguliwa. Aliyepiga dume mzee atajivunia picha zake. Aliyepiga kijana hatakuwa na pa kujificha.

Jambo lingine, ndugu mpishi, wewe uliye kambini unalijua kuliko mimi niliyestaafu. Picha inayoruka hewani haina mwenyewe. Inaonyesha tembo mwenye meno makubwa, mahali na saa. Ikimfikia jangili, umemchorea ramani.

Mimi ni msomaji wa Nakuru. Huku kwetu uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku 1977. Nashangaa mnavyozungumzia haki ya mnyama mnayekwenda kumuua. Haki gani hiyo? Kamera si afadhali kuliko bunduki? — Msomaji, Nakuru

Swali lako linauma na sitalikwepa. Kwa mnyama anayekufa hakuna haki, na aliyekwambia ipo amekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Haki ninayoizungumzia ni kamba aliyofungwa mwindaji, na kazi yake ni kumzuia. Nchi yangu nayo iliufunga uwindaji mwaka 1973, ikaufungua tena 1978. Maadamu uko wazi, nataka kamba hiyo iwe fupi. Ukifungwa kesho, sitalia.

Na kuhusu kamera, uko karibu na ukweli kuliko unavyodhani. Aliyeanza kuwategea wanyama uzi wa kuvuta kamera usiku, George Shiras wa Marekani, alikuwa mwindaji akaiweka bunduki chini. Jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74 mwezi Julai 1906. Miaka hiyo hiyo Mjerumani Carl Georg Schillings alikuwa huku kwetu na kamera zake nzito za vioo, akipiga simba usiku kwa mwanga wa baruti. Yeye bunduki hakuiacha. Serengeti, kuanzia 2010, watafiti walisambaza kamera 225 kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125, na hakuna mnyama aliyekufa kwa ajili ya picha hizo.

Mimi ninayo moja. Nimeifunga kwenye mwembe nyuma ya nyumba, inatazama njia ya kisimani. Jumamosi asubuhi nikishapiga mswaki ndiyo nachomoa kadi, na mjukuu wangu hakubali niitazame bila yeye. Wiki iliyopita alikuwepo nungunungu na watoto wawili, saa tisa na dakika nane usiku.